Mkono Huu Aliulipia Nani?

Msomaji mpenzi, kabla hujanicheka nikiri mwenyewe. Mimi ni kijana wa kiume, nimemaliza kidato cha nne, kidevu kimeshaota ndevu, na kati ya katuni zote za Kijapani nilizowahi kutazama, ninayoipenda kupita zote ni ile ya wasichana wa shule wenye magauni ya marinda na riboni kichwani. Inaitwa Puella Magi Madoka Magica. Washikaji zangu wa kijiweni wao ni watu wa Naruto na Dragon Ball, ngumi na mioto. Siku nilipowatajia Madoka, mmoja alinitazama kuanzia kichwani hadi kwenye ndala, akauliza kama nimeanza na kusuka nywele pia. Nikazuga, nikacheka nao, mada ikapita.

Lakini jambo lililonipata kwa sababu ya katuni hiyo si la kuzuga. Linanihusu mimi na dada yangu, na kwa namna fulani linakihusu hata kijarida hiki unachokishika. Nitafichua mengi ya hadithi yenyewe, kwa hiyo kama hujaitazama na unapenda kushtuka mwenyewe, unisamehe.

Niliiona mara ya kwanza mwaka 2019, kwenye kibanda cha jamaa mmoja wa Tandika anayetengeneza simu. Jioni wateja wakipungua alikuwa akifungua kompyuta yake, tunatazama chochote kilichomo. Katuni hii aliwekewa na mtu pamoja na nyingine nyingi, hata yeye mwenyewe hakuijua. Sauti ilikuwa ya Kijapani, maandishi ya Kiingereza yanapita chini, na Kiingereza changu ndicho kile cha shule, cha kusoma huku nasimamisha picha. Sehemu zake ni 12 tu. Tulizimaliza kwa siku nne, na ingekuwa tatu kama umeme usingekatika.

Wajapani wana aina ya katuni ya siku nyingi, ya mabinti wa miujiza. Msichana wa kawaida anapata nguvu, anabadilika mavazi, anaokoa watu. Kwenye televisheni aina hiyo ilianza mwaka 1966 na katuni ya Sally, binti mchawi, na baadaye dunia ikaijua zaidi kupitia Sailor Moon ya mwaka 1992. Kwa hiyo Madoka ilipoanza kuonyeshwa Januari 2011, Mjapani aliyeona yale mashavu ya mviringo yaliyobuniwa na Ume Aoki, mchoraji wa vibonzo vya upole na vichekesho, alidhani anajua anachopakuliwa. Ni kama sisi tukisikia "hapo zamani za kale": tunajua sungura atashinda, tunangoja tu kujua kwa hila gani.

Ila aliyeiandika alikuwa Gen Urobuchi, mtu aliyekwisha jijengea jina kwa hadithi za giza na damu. Yeye na mwongozaji wake, Akiyuki Shinbo, walituacha tule sukari sehemu mbili nzima. Yupo Madoka, msichana mpole. Yupo rafiki yake Sayaka, mwenye mdomo na moyo. Yupo Mami, dada mkubwa wa shuleni, anayepigana na wachawi kwa bunduki na kisha kuwakaribisha wenzake chai na keki. Katika sehemu ya tatu, Mami anakatwa kichwa na mchawi huku wadogo zake wakitazama. Jamaa wa kibanda aliacha kulehemu simu ya mteja. Tukabaki kimya, na wimbo wa mwisho ukaanza.

Hao wachawi, msomaji, si wale wa uswahilini wanaopaa na ungo. Ni madude yanayojificha katika ulimwengu wao wenyewe, yakila mioyo ya watu. Na anayewasajili wasichana wa kupambana nayo ni mnyama mdogo mweupe aitwaye Kyubey, mfano wa paka mwenye masikio marefu, ambaye uso wake haubadiliki hata mtu akifa mbele yake. Masharti yake ni rahisi: omba jambo moja, lolote, nalo litatimia. Ukishaomba, wewe ni mpiganaji.

Sisi tumekulia hadithi za waganga na majini, kwa hiyo mkataba wa namna hii hatuushangai. Lakini mganga wa hadithi zetu hukutajia masharti mapema: usigeuke nyuma, usile samaki, usimwambie mkeo. Ukivunja, umejitakia. Kyubey hadanganyi ila hasemi. Hasemi kwamba roho ya msichana itatolewa mwilini na kutiwa kwenye kito kidogo cha kubeba mkononi. Hasemi kwamba kito hicho huchafuka kwa huzuni, na siku kikiwa cheusi kabisa, msichana mwenyewe hugeuka mchawi. Hasemi kwamba ile nguvu inayofyatuka mtu anapokata tamaa ndiyo anayoivuna, ili ulimwengu usiishiwe. Akilaumiwa, hujibu kwamba hakuna aliyemuuliza.

Nilipoitazama mara ya kwanza nilidata na Homura. Nadhani kila mpenzi wa Madoka hudata na Homura. Ni yule mwenye nywele nyeusi ndefu, baridi kama barafu, ambaye tunamshuku mpaka sehemu ya kumi. Hapo tunaelezwa kwamba alikuwa msichana mgonjwa wa moyo, ametoka hospitali, haya tele na miwani usoni, na Madoka ndiye aliyemwonea huruma na kumwokoa. Madoka akafa vitani. Homura akaomba aanze upya siku ile walipokutana, safari hii yeye awe mlinzi. Akashindwa. Akarudi tena, na tena, mwezi uleule mmoja. Wimbo wa ufunguzi tuliokuwa tukiusikia kila siku kama kibwagizo cha watoto, sehemu hiyo haukupigwa mwanzoni. Ulipigwa mwishoni, na ndipo tukagundua kwamba siku zote yalikuwa maneno ya Homura. Nikasema kimoyomoyo, huu ndio uandishi! Kuweka siri mezani, watu wanakula juu yake, hawaioni.

Usiku ule nilirudi nyumbani nikitembea kama Homura. Nilijiona mimi ndiye mtu wa kuteseka kwa ajili ya wengine, ambaye dunia haimwelewi. Nilikuwa na miaka 19, sina kazi, nina divisheni foo na kaunta buku mbili zilizojaa riwaya. Dada alikuwa ameniwekea ugali na dagaa chini ya sahani. Nikala, nikalala.

Sasa niseme juu ya dada. Mama yetu alitangulia mbele ya haki tukiwa wadogo, tukabaki na baba, ambaye alikuwa fundi uashi. Mwaka 2014 mimi nilikuwa kidato cha kwanza, na dada alikuwa amefaulu kidato cha nne na kuchaguliwa kuendelea na cha tano. Mwezi wa tano baba alianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi akavunjika nyonga. Hakufanya kazi ya maana tena. Siku ya kuripoti shuleni ilipofika, sanduku la bati lilikuwa limekwisha nunuliwa. Dada aliliuza, akanunua kikaango cha vitumbua.

Unaweza kusema ada ya shule ya serikali ya kutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka, na tangu 2016 ikafutwa, sasa shida iko wapi. Mtoto haendi shule kwa ada peke yake, ndugu yangu. Anakwenda kwa sare, kwa nauli, kwa madaftari, kwa kodi ya chumba anacholala na kwa chakula cha jana yake. Hivyo vyote vilitoka kwenye kile kikaango, miaka minne. Mwaka 2015 mafuta ya moto yalimmwagikia mkono wa kulia. Kidole chake cha mwisho hakinyooki vizuri hadi leo.

Mwaka jana hadithi yangu fupi ilichapishwa katika kijarida hiki. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona jina langu limepigwa chapa, na anayeandika anajua raha hiyo ilivyo. Mhariri alikuwa ameniomba mistari michache juu yangu mwenyewe, nami nikajaza: namshukuru Mwenyezi Mungu, walimu wangu na washikaji wote wa kijiweni kwa kunitia moyo. Nilimpelekea dada nakala barazani pake. Akafuta mkono kwenye kanga, akasoma hadithi yote amesimama, kisha akasoma na ile mistari. Akaisoma tena, kidole kikipita chini ya maneno taratibu, kama mtu anayetafuta jina lake kwenye orodha ya waliofaulu. Halafu akafunga, akasema, "Safi sana," akageuza vitumbua.

Mimi sikuona kitu. Naapa sikuona kitu. Nilimwona akisoma mara mbili nikadhani amependa.

Wiki chache baadaye nikaitazama Madoka tena, peke yangu safari hii, kwenye simu. Nilitaka kujifunza ufundi wa Urobuchi. Nikafika sehemu ya nne, kwa Sayaka.

Sayaka anampenda kijana aitwaye Kyosuke, mpiga fidla hodari ambaye mkono wake umeharibika kwa ajali. Kila siku anamletea muziki hospitalini. Siku moja kijana, ameshaambiwa na madaktari kwamba hatapiga tena, anaivunja sahani ya muziki kwa mkono uleule usiosikia maumivu. Sayaka anatoka pale na kwenda kuomba kwa Kyubey: mkono upone. Unapona. Kyosuke anapiga fidla juu ya paa la hospitali, wauguzi wanasikiliza, na Sayaka anajiona hana hasara duniani.

Kabla ya hapo, Mami alikuwa amemwuliza swali. Alimtaka apime vizuri: anachotaka ni ndoto ya kijana yule itimie, au anataka kuwa mtu aliyeitimiza, kijana abaki na deni kwake? Sayaka alikasirika. Lakini lile swali lilimfuata. Kyosuke aliporuhusiwa kwenda nyumbani hata hakumwambia. Sayaka akamfuata hadi kwao, akasikia fidla ndani, hakubisha hodi, akageuka. Kisha msichana mwingine akatangaza kumpenda Kyosuke, na Sayaka, ambaye sasa alijiona ni maiti inayotembea kwa kuwa roho yake imo kwenye kito, hakuweza kusema neno. Kito kikaingia weusi. Katika sehemu ya nane, kwenye kituo cha treni usiku, kikapasuka. Mchawi aliyezaliwa ana deraya na mkia wa nguva, na ulimwengu wake ni ukumbi wa muziki ambamo kuna fidla zisizonyamaza.

Wazee wetu wana neno: tenda wema nenda zako. Mara ya kwanza nilimhukumu Sayaka kwa methali hiyo. Nilisema kosa lake ni kwamba alitenda wema asiende zake, akabaki mlangoni akisikiliza. Mara hii methali yenyewe nikaiona ina upande mmoja. Inamwagiza mtenda aende zake, haimwambii mtendewa kitu. Haikusema, "Ukitendewa wema, na wewe nenda zako."

Nikaanza kumtafuta Kyosuke kwenye hadithi. Hana ubaya wowote. Ni kijana wa kawaida anayependa kazi yake, ana mazoezi, ana mitihani, ana marafiki. Anaamka siku moja mkono umepona na anaushukuru muujiza. Hajiulizi muujiza huo umelipiwa na nani. Nikasimamisha picha pale anapopiga fidla, macho ameyafumba. Nikautazama mkono wangu ulioshika simu. Msomaji, hapo ndipo nilipokumbuka kidole cha dada kikipita chini ya ile mistari.

Nikajua kwamba sikuwahi kuwa Homura hata siku moja.

Asubuhi ya pili nilikwenda barazani kabla ya saa kumi na mbili. Aliniangalia kama mtu aliyekuja kukopa. Nikakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, nikamsimulia Madoka yote, kwani sikujua pengine pa kuanzia. Aliuliza maswali mazuri kuliko yangu. Alitaka kujua kama wazazi wa watoto hao walikuwa na habari. Nikamweleza juu ya mama wa Madoka, mwanamke wa ofisini, ambaye siku ya dhoruba kubwa anampiga binti yake kibao kwa kutaka kutoka kwenye kimbilio, kisha anamwamini na kumsukuma mgongoni aende. Dada akasema huyo ndiye mama. Nikafika kwa Sayaka na Kyosuke. Akaacha kumimina unga.

"Huyo mvulana aliambiwa?" akauliza.

"Hakuambiwa. Mpaka mwisho hakujua."

"Basi yeye hana kosa," akasema dada. Akageuza kitumbua, akakigeuza na cha pili. "Wewe uliambiwa."

Sikuwa na la kujibu. Na kweli niliambiwa. Nililiona sanduku la bati likitoka mlangoni. Kyosuke hakujua, kwa hiyo hakulipa. Homura alijua, akalipa kupita kiasi, mpaka akajimaliza. Mimi nilijua, na nikaandika shukrani kwa washikaji wa kijiweni.

Nikaanza kumwomba radhi, sauti ikakwama. Dada akanikata. Alisema hataki nimfanye nguva wala mchawi wala shahidi. Vitumbua alivianza kwa njaa, si kwa muujiza, na kwamba zipo siku alinichukia, hasa nilipoleta divisheni foo, na zipo siku nyingi zaidi ambazo hakunifikiria kabisa, alifikiria bei ya mchele. Kisha akasema lililonishinda zaidi: "Shida si kwamba hukuandika jina langu. Shida ni kwamba miaka yote hiyo hujaniuliza mimi nilitaka nini."

Hadithi ya Madoka inaisha kwa ombi kubwa kuliko yote. Madoka anaomba kwamba kila msichana aliyewahi kukata tamaa, wa zamani na wa kesho, apokelewe kabla hajageuka mchawi. Linatimia, na bei yake ni kwamba yeye mwenyewe anafutika. Mama yake hamkumbuki. Anabaki Homura na kumbukumbu, na riboni nyekundu. Lakini kabla ya kuondoka, Madoka anakaa na Sayaka kwenye viti vya ukumbi, wakimsikiliza Kyosuke akipiga. Angeweza kumrudishia Sayaka uhai wake, lakini ingebidi na mkono urudi ulivyokuwa. Sayaka anasema ni sawa, alitaka tu kuusikia muziki ule tena. Watu huona hapo kuna faraja. Mimi huwa namwangalia yule kijana jukwaani, anapiga vizuri sana, na siti anayoipigia hajui ina nani.

Sitaki kuwa huyo. Kwa hiyo nilimuuliza dada, nimechelewa miaka mingi, lakini nilimuuliza. Akanijibu. Nikamwambia nitaandika kwenye kijarida, safari hii kwa jina lake, herufi kubwa. Akakataa. Alisema wateja wake watamtania, na zaidi ya hayo jina lake analijua. "Andika nilichotaka," akasema, "halafu shika hilo sufuria, limejaa moto."

Alitaka kuwa nesi. Mwaka 2014 alichaguliwa kidato cha tano, mchepuo wa Kemia, Biolojia na Jiografia. Sanduku lake lilikuwa la bluu.